Mwezi Uliotikisa Sikio

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Mwatum Duni ni kwamba alinikonyeza.

Ilikuwa siku yangu ya pili Mlimbani, kijiji kidogo kilicho juu ya kilima, njia ya kwendea Makangale, kaskazini mwa Pemba. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu nyuma, nimeletwa kufundisha sayansi, na nilikuwa nimevaa shati ambalo mikunjo yake ya dukani ilikuwa haijafunguka vizuri. Nilipita mbele ya baraza ambapo mwanamke wa makamo alikuwa ameketi akishona kofia. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikamwamkia kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu Madungu.

"Shikamoo, Bi."

Akainua uso. Jicho la kushoto likafumba taratibu. La kulia likanikazia, likanipima kuanzia kola hadi viatu.

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe mwalimu mpya? Mbona kola imepinda?"

Niliondoka pale uso ukiniwaka, na sikusimama mpaka nyumbani kwa Mzee Ahmada, muadhini wa msikiti wa kijiji, ambaye ndiye aliyenipa chumba. Nilipomweleza yaliyonifika, kwa sauti ya chini na kwa kuchagua maneno, alicheka hata kofia ikamwanguka.

"Kakukonyeza? Yakhe, usijivike kilemba cha ukoka! Kamkonyeza sheha, kamkonyeza imamu, kamkonyeza na ng'ombe. Jicho lile limezowea kamera. Likimtazama mtu linataka kumpiga picha."

Ndivyo nilivyomjua Bi Mwatum, na tangu siku ile sijapata mtu aliyenifurahisha kama yeye.

Bi Mwatum anashona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitobo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka kikae imara. Kofia moja ina mamia ya vitobo, na mshonaji akikosea kuhesabu kimoja tu, ua zima hupinda. Kwa hiyo jicho lake lilijulikana tangu yu mdogo. Alipokuwa na miaka saba, kila jioni ya kutafuta mwezi wazee walimpandisha juu ya ukuta wa kisima wakamwambia, "Haya, Mwatum, tazama." Akinyoosha kidole, wao hufuata kidole, na mwishowe nao huuona, uzi mwembamba uliokuwa ukiwaponyoka siku zote. Wanasema hakuwahi kukosea. Kijiji kizima kilifunga na kufungua kwa kufuata kidole cha mtoto asiye na meno ya mbele.

Miaka ikapita, jicho likachoka kama macho yote yanavyochoka. Basi Yasser, mwanawe, ambaye ni dereva huko Maskati, akamletea kamera. Si ya kisasa sana, lakini ina lenzi inayotoka nje kama kobe atoavyo shingo, na inaweza kuvuta kitu cha mbali kikaja karibu mara thelathini. Wiki ile ya kwanza Bi Mwatum hakulala mchana. Bila kuinuka barazani aliona kwamba mkarafuu wa jirani yake Bi Kazija umeanza kutoa vikonyo. Aliona popo wa msituni wakining'inia kama nguo zilizosahauliwa juani. Na ng'ambo ya bonde la mpunga, juu ya kilima cha pili, alimwona Mzee Jaribu akila halua nyuma ya zizi, ilhali daktari amemkataza. Akachukua simu.

"Jaribu! Tia chini hiyo halua!"

"Nani huyo?" Mzee Jaribu alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama juu.

"Nshakuona. Na kidevu futa."

Mzee Jaribu mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na aliapa kwamba kwa dakika nzima alidhani ameitwa na malaika mwenye lafudhi ya Mlimbani.

Sasa nieleze kisa cha mwezi. Sikuwapo, kilitokea miezi michache kabla sijafika, lakini nimesimuliwa mara nyingi hata ninakiona.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mlimbani ilikuwa na baraza mbili, kila moja na bendera yake, na watu wa baraza hii hawakununua hata kibiriti kwenye duka la watu wa baraza ile. Hata hivyo, jioni ya tarehe ishirini na tisa Shaabani, wote walipanda mahali pamoja kuutafuta mwezi wa Ramadhani, kwa sababu, kama asemavyo Mzee Ahmada, mwezi peke yake ndio haujachukua kadi ya chama. Baraza moja ilisimama kushoto, nyingine kulia, na katikati alisimama Bi Mwatum na kamera yake. Mbele yao, upande wa magharibi, lilikuwapo bonde la mpunga, na baada ya bonde kilima cha Mzee Jaribu.

Jua lilikuwa halijamaliza kuzama, limebakisha ncha. Bi Mwatum hakuweza kungoja. Alivuta, akavuta, akavuta mpaka mwisho wa kuvuta, na hapo kwenye kioo cha kamera kikatokea kitu. Mstari wa dhahabu, mwembamba, umepinda, ncha zimetazama juu.

"Mwezi! Huo hapo! Umeandama!"

Watu wakamrukia. Kushoto na kulia wakachanganyika, kila mmoja anasukuma kichwa akione kioo. "Mashaallah, mwembamba kama ukucha!" Hakuna aliyeuona kwa macho matupu, lakini nani angebisha na kioo? Mzee Ahmada, ambaye hajulikani kwa mbio, alikimbia hadi msikitini akawasha kipaza sauti: "Ndugu Waislamu, mwezi umeonekana hapahapa Mlimbani!" Bi Kazija akaenda kuroweka kunde. Mtu mmoja akampigia binamu yake aliyeko Fundo, na binamu akajibu kwamba wao wako kisiwani, bahari nyeupe mbele yao, mbingu safi, na mwezi hakuna.

"Waambie watu wa Fundo wavae miwani!" wakamjibu.

Basi mwezi ukashuka kidogo. "Unatua," akasema mtu. Kisha ukapanda tena. Watu wakatazamana, maana mwezi unaotua haubadili nia. Kisha, ubavuni mwa mwezi, kikatokea kitu kama jani, kikapepea mara mbili kufukuza nzi.

Halafu kutoka ng'ambo ya bonde, kwa sauti nzito na ya utulivu, ikaja: "Mooo."

Alikuwa Shamrashamra, fahali wa Mzee Jaribu, anayepelekwa kila mwaka kwenye mchezo wa ng'ombe. Ncha ile ya jua iliyobaki ilikuwa imeuchora ukingo wa pembe yake kwa mstari wa dhahabu, na mwili wake wote uliobaki ulikuwa umepotea ndani ya kiza cha miti.

Kipaza sauti kikakwaruza tena. "Ndugu Waislamu," alisema Mzee Ahmada, akakohoa. "Lile tangazo la mwanzo tunaliondoa. Yule ni ng'ombe."

Nimeambiwa kicheko kile kilisikika mpaka barabara kuu. Watu wa baraza hii waliwaegemea watu wa baraza ile ili wasianguke. Asubuhi yake mtu mmoja alivuka njia akanunua kibiriti kwenye duka ambalo hakuwa ameingia tangu kampeni zianze, na mwenye duka, badala ya salamu, alimlilia kama ng'ombe. Wakacheka upya. Msemo nao ukazaliwa: wenzetu kwengine wana mwezi wa mawinguni, sisi Pemba tuna mwezi wa pembe. Na Bi Mwatum akaitwa Bi Pembe.

Alicheka pamoja nao. Lakini alipofika nyumbani aliitia kamera katika sanduku la kofia, na hakuitoa kwa miezi miwili.

"Wacheke, mwanangu," aliniambia siku moja, sindano ikienda na kurudi. "Kicheko sadaka. Ila tangu nna miaka saba, nikisema umeandama, watu huinua nyuso. Sasa nikisema umeandama, wananiuliza: una kwato?"

Alisema kwa mzaha, jicho moja limefumba. Nililiangalia lile lililo wazi, nikaona kwamba si mzaha.

Mwaka huu, katika mwezi wa Rajabu, Yasser alipiga simu. Bi Mwatum huweka simu kwenye spika, kwa hiyo baraza nzima ilisikia. Yasser alikuwa anakuja nyumbani siku chache kabla ya Ramadhani, na huko Maskati kulikuwa na duka lenye kamera mpya inayovuta mara themanini na tatu.

"Utaona mashimo ya mwezi, mama! Nikuletee? Niambie kabla ya Ijumaa, imebaki moja."

"Chukua!" alisema Bi Kazija kabla simu haijakatwa. "Mara thamanini na tatu! Utaona mpaka Mombasa wanapika nini."

"Usichukue," alisema Mzee Ahmada. "Kwa thelathini kaona pembe. Kwa thamanini ataona zizi zima, nami nitatangaza Idi mbili."

Kuanzia hapo Bi Mwatum hakuwa na raha wala sisi hatukuwa nayo, na ilikuwa wiki tamu kuliko zote nilizoishi Mlimbani. Asubuhi alisema ndiyo. Adhuhuri alisema siyo, maana Yasser ametuma picha na kamera ile ina tumbo kama fenesi, nani ataibeba? Alasiri alisema ndiyo, ataibeba Yasser. Magharibi alisema siyo, hii ya zamani ameizowea kama sindano yake. Mimi nilimchorea orodha ya faida na hasara ubaoni, baada ya vipindi, akaja kuisoma mlangoni kwa jicho moja, akasema mwandiko wangu unapanda mlima.

Jumatano ndipo aliponiambia lililokuwa moyoni.

"Mwalimu, hivi sasa nikiulizwa, nasema kamera ilikuwa ndogo. Watu wanakubali. Nikichukua kubwa, kisha nikamwita ng'ombe mwezi tena, nitamsingizia nani? Itakuwa ni mie. Itakuwa jicho limekwisha, na kauli imekwisha."

Nilifanya analofanya mtu aliyesoma akikwama: niliomba kitabu. Kumbe kitabu cha maelezo ya ile kamera ya zamani kilikuwa kizima, ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa tangu kitoke dukani! Nilikisoma usiku kucha kama hadithi. Asubuhi nilifika barazani kwake kabla ya kengele ya skuli, nikaiwasha kamera, nikamwonyesha kijistari kilicho juu ya kioo, ambacho hujaa kila unapovuta.

"Hapa mwanzo ni cheupe, Bi. Hapa kinageuka njano. Umewahi kuangalia?"

"Nimekiona. Nilidhani ni pambo."

Nikaanza kueleza kuhusu lenzi, mwanga na jinsi kioo kinavyopindisha miale. Nilifika mbali sana. Akaniwekea mkono begani.

"Ngoja. Hapa kwenye njano kuna nini?"

"Kwenye nyeupe, lenzi inaona yenyewe. Ikifika njano, lenzi imefika mwisho wake. Kamera inachukua ile picha iliyokwisha kuiona, inaitanua, na penye mapengo inajaza."

"Inajaza kwa kitu gani?"

"Kwa kukisia."

Aliweka kofia chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiiweka kofia chini katikati ya mstari. "Inajaza vitobo kwa kukisia?"

"Ndiyo hasa, Bi!"

"Mwalimu," alisema, "mshonaji wa hivyo mie simpi hata uzi."

Alasiri ile ile tulifanya jaribio. Bi Mwatum alimpigia simu Mzee Jaribu, akamwomba amsimamishe Shamrashamra mahali pale pale pa mwaka jana.

"Mnataka kumfanya nini ng'ombe wangu?" aliuliza kwa wasiwasi.

"Picha ya pasipoti."

Tulichelewa nusu saa, kwa sababu Mzee Jaribu alimkosha kwanza. Jua lilipobakisha ncha, Bi Mwatum alivuta mpaka mwisho wa nyeupe, akapiga. Kisha akavuta mpaka mwisho wa njano, akapiga. Tukakaa chini kwenye majani kuzitazama.

Katika picha ya pili palikuwa na mwezi. Naapa, ningefunga kwa mwezi ule.

Katika picha ya kwanza, ndogo lakini safi kama kofia iliyotoka kupigwa pasi, palikuwa na ng'ombe. Pembe ilikuwa pembe. Sikio lilikuwa sikio. Juu ya mgongo alikuwapo yangeyange mmoja mweupe, na nyuma ya ng'ombe Mzee Jaribu, shavu limejaa halua.

Bi Mwatum alizitazama mbili zile, akarudia, akarudia. Kisha akainua uso, na macho yake yote mawili yalikuwa wazi.

"Kumbe iliniambia kweli," alisema. "Iliniambia ng'ombe. Mie ndiye niliyeisukuma mpaka ikasema mwezi. Na jua lenyewe lilikuwa halijazama."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi juu ya kuridhika na tulichonacho. "Kwa hiyo, Bi," nikaanza, "huna haja ya kamera mpya."

"Nani kakwambia?" Akacheka, kicheko cha msichana aliyepanda juu ya ukuta wa kisima. "Kosa lilipokuwa la kamera, niliiogopa kubwa. Sasa najua kosa ni langu, na najua linapoanzia. Mpigie Yasser, upesi, kesho Ijumaa!"

Yasser akapokea.

"Lete," mama yake alimwambia. "Lakini kwanza muulize mwenye duka: njano yake inaanzia wapi?"

"Njano gani, mama?"

"Wewe muulize tu. Asipojua, hajui anachouza."

Mwenye duka alijua. Inaanzia baada ya themanini na tatu. Kabla ya hapo, lenzi inaona yenyewe. Bi Kazija alipiga kigelegele kama aliyepata mkwe.

Ilibaki kamera ya zamani. Bi Mwatum aliazima kichupa cha rangi ya kucha kwa Bi Kazija, akatia tone moja jekundu pembeni mwa kioo, pale nyeupe inapokwisha. Kisha akavuka bonde kwa miguu, suruali chini ya buibui imekunjwa kwa ajili ya matope ya mpunga, akaenda kuiweka mikononi mwa Mzee Jaribu, mtu wa baraza ile nyingine.

"Mie?" alishangaa mzee. "Unanipa mie?"

"Wewe. Kilima chako kiko mbele ya changu, na shahidi mmoja hatoshi. Tena mwenye ng'ombe ndiye amjuaye ng'ombe wake. Usipite tone jekundu."

Tangu siku hiyo Mzee Jaribu hatulii. Kila asubuhi simu zetu hujaa Shamrashamra: Shamrashamra anakula, Shamrashamra amelala, pua ya Shamrashamra. Hajapita tone jekundu hata mara moja, na anatutaka tumpongeze.

Yasser alifika Jumamosi kutoka kiwanja cha ndege cha Chake Chake, na kamera mpya ilishushwa garini imefungwa ndani ya mataulo mawili kama mtoto mchanga. Bi Mwatum aliishika, akasema "Fenesi kweli," akaikumbatia.

Na leo ni tarehe ishirini na tisa Shaabani. Ninaandika haya nikiwa nimekaa hapa kilimani, daftari limekaa magotini. Kijiji chote kipo. Nimejaribu kutambua nani wa baraza ipi nikashindwa, kwa sababu kila mtu anataka kusimama karibu na stendi ambayo Yasser ameileta pamoja na kamera. Mzee Ahmada amekalishwa chini, na haruhusiwi kuukaribia msikiti mpaka kilima hiki na kile vyote viwili viseme. Bi Kazija amezishika kunde zake mkononi, kavu, anangoja. Jua liko kidole kimoja juu ya miti.

Simu ya Bi Mwatum imelia. Ameiweka kwenye spika.

"Kafungwa, Bi Mwatum," ni sauti ya Mzee Jaribu. "Nimemshusha upande wa mashariki, chini kabisa, na uso nimeuelekeza nyumbani kwa mkwe wangu."

"Na masikio?"

"Na masikio yote mawili."

Watu wamecheka, kisha wamegeukia magharibi wenyewe, bila kuambiwa. Bi Mwatum ameinama kwenye kamera. Kidole kiko hewani, hakijagusa kitu.

"Limezama?" Bi Kazija ananong'ona.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, Kazija. Bado ncha." Hageuki. "Mwalimu, njano?"

"Tuko kwenye nyeupe, Bi," ninamjibu. "Hatujaifika."

Ncha inapungua. Kilima kizima kimefumba jicho la kushoto.